MKEBE WA ZAMANI NA GUNIA LA MAHINDI

Mtu asimamaye kando ya barabara kuu pale Malaba, au pale Busia kusini yake, akatazama vitu vipitavyo kutoka Uganda kuingia Kenya, ataona kwamba sehemu kubwa ni chakula. Malori hupita yakiwa yamejaa mahindi, maharagwe na mtama. Na katikati ya malori hayo hupenya baiskeli na pikipiki za bodaboda, ambazo jina lao lilizaliwa hapa hapa mpakani, kila moja na gunia lake moja au mawili. Kwa upande wa pili, kutoka Kenya, huja vitu vya viwandani: mikebe, paketi, chupa za mafuta. Basi mpaka huu ni mahali ambapo vyakula vya namna mbili hukutana, kile kilichopigwa chapa ya tarehe, na kile kisicho na tarehe yo yote.

Juu ya chakula chenye tarehe watu wana maneno mengi. Mama afunguapo kabati akakuta mkebe wa samaki au wa maharagwe uliosahauliwa nyuma ya sufuria, na tarehe yake imepita mwaka mzima, nyumba hugawanyika. Mzee husema mkebe haukutoboka, basi ufunguliwe uliwe. Kijana aliyesoma husema ni sumu, utupwe. Lakini juu ya gunia la mahindi lililo pembeni mwa chumba hicho hicho, ambalo lilitiwa ndani wakati wa mvua na sasa lanuka uvundo kidogo, hakuna abishanaye. Mahindi huoshwa, huanikwa nusu siku, kisha hupelekwa kwenye mashine ya kusaga. Na katika vitu hivi viwili ni gunia, wala si mkebe, ambalo limekwisha kuua watu wengi katika Kenya.

Maana ya tarehe

Tuanze na mkebe, kwa kuwa ndio uogopwao. Ufundi wa kuhifadhi chakula kwa kukifungia na kukichemsha ulianza Ufaransa. Nicolas Appert alipewa na serikali yake zawadi ya faranga 12,000 mwaka 1810, kwa kuwa alionyesha ya kwamba nyama na mboga zilizotiwa chupani, zikazibwa sana na kuchemshwa, hazikuoza. Mwaka huo huo Peter Durand alipata huko Uingereza hati ya kutumia vyombo vya bati kwa kazi hiyo. Wakati ule hapana aliyejua kwa nini chakula hicho hakiozi. Louis Pasteur, aliyekuja kueleza habari za vijidudu, alikuwa hajazaliwa. Leo sababu yajulikana. Moto huua vijidudu vilivyomo, na kifuniko huzuia vingine visiingie. Mkebe ukiwa mzima, hakuna kitu ndani yake cha kuozesha chakula, wala kalenda haina uwezo wa kukitia.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana Marekani kwa njia ya ajabu. Meli ya moshi iitwayo Bertrand ilizama katika mto Missouri mwaka 1865, ikafunikwa na matope. Ilipofukuliwa mwaka 1968 mlikutwa ndani yake shehena yake nzima, na katika shehena hiyo mlikuwa na vyakula vya mikebe. Wataalamu wakavipima mwaka 1974, yaani baada ya miaka 109. Sura na harufu nzuri zilikuwa zimekwenda, vitamini C karibu yote imekwisha, lakini vijidudu havikuota humo. Si kusema kwamba watu waende kula vitu vya meli iliyozama. Ni kuonyesha tu ya kuwa tarehe peke yake haigeuzi chakula kuwa sumu.

Tarehe zenyewe ni za namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Iko ile isemayo kwamba chakula ni bora kabla ya siku fulani. Hiyo ni ahadi ya mwenye kiwanda juu ya ladha na rangi: hata siku hiyo biskuti zitavunjika vizuri na kahawa itanukia. Na iko ile ya mwisho wa kutumia, ambayo huwekwa kwa chakula kiharibikacho upesi, kama maziwa mabichi ya paketi na nyama. Hii ya pili haina mchezo. Vile vile maziwa ya unga ya watoto wachanga yasitumiwe kabisa baada ya tarehe yake, maana mtoto yule hana chakula kingine, na nguvu za maziwa yake zikipungua yeye hudhoofika bila mtu kujua sababu.

Vingine vilivyomo kabatini vyaweza kuelezwa kwa maneno machache. Chumvi na sukari haziozi, zikikaa pakavu. Mchele mweupe hukaa miaka. Mafuta ya kupikia huchacha yakawa machungu, nayo pua hujua kabla ya mtu kusoma tarehe. Unga wa mahindi uliosagwa na kiini chake kwenye mashine ya kijijini huwa mchungu baada ya majuma machache, kwa sababu kiini kina mafuta. Ule uliokobolewa na kufungwa paketini huvumilia zaidi.

Hata hivyo mkebe unao ubaya wake mmoja, tena mkubwa. Uko kijidudu kiitwacho klostridiamu ambacho mbegu zake hazifi kwa maji yachemkayo ya kawaida. Ndiyo sababu viwanda hupika mikebe ya nyama, samaki na maharagwe kwa mvuke wa nguvu, hata joto lifike kama digrii 121. Ikiwa kazi hiyo ilifanywa vibaya, au mkebe ukapasuka kidogo kwa kuangushwa, kijidudu hiki huota mahali pasipo hewa na kutoa sumu ilegezayo viungo vyote vya mwili, hata mtu ashindwe kupumua. Dalili yake aghalabu ni mkebe uliovimba, au unaovuja, au unaorusha povu ufunguliwapo. Mkebe wa namna hiyo usionjwe hata kwa ncha ya ulimi, iwe tarehe yake imepita au bado. Mkebe uliobonyea penye mshono wake, au ulioshikwa na kutu ya kuchubuka, uhesabiwe katika kundi hilo. Na mkebe ambao tarehe yake imefutwa au kubandikwa nyingine juu yake una maneno yake mwenyewe: aliyefanya hivyo alikuwa na jambo la kuficha.

Muuza duka naye hana ruhusa ya kusema kwamba yeye huuza tu kile kilicholetwa. Sheria ya Kenya juu ya vyakula na dawa, Sura ya 254, yakataza kuuza chakula chenye kitu cha kudhuru ndani yake, au kilichooza, au kisichofaa kuliwa na binadamu.

Chakula kisicho na tarehe

Sasa tuligeukie gunia. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Mwaka huo huo, katika Bonde la Ufa hapa Kenya, vifaranga vya bata vilikufa kwa maelfu. Wanyama hao wa nchi mbili walikuwa wamelishwa kitu kimoja, makapi ya karanga. Wataalamu walipochunguza makapi ya Uingereza, yaliyokuwa yametoka Brazil, waliona kuvu ya rangi ya majani mabichi iliyochanganyika na manjano, iitwayo kwa jina la kitaalamu Aspergillus flavus, na kutoka katika jina hilo sumu yake ikaitwa aflatoksini. Huko Tanzania watu wameifupisha vizuri kwa jina la sumukuvu.

Kuvu hii hupenda mahindi na karanga kuliko vitu vingine, lakini haikatai muhogo, mtama wala maharagwe. Huanza shambani, hasa mmea uliposhikwa na kiu ya ukame, kisha huzidi ghalani ikipata joto na unyevu. Sumu yake haina ladha wala harufu. Uvundo ambao mama husikia ni harufu ya kuvu, na yaweza kuwa kuvu ipo bila sumu, au kwamba kuvu imekufa zamani na sumu imebaki. Hapo ndipo macho na pua, ambavyo hutumikia watu vizuri juu ya nyama na maziwa, huwadanganya.

Ikiliwa nyingi kwa siku chache, sumu hii huharibu ini: macho huwa manjano, tumbo huvimba, na mgonjwa hufa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, na hasa kwa mtu ambaye tayari ana virusi vya homa ya ini ya namna B. Katika Machakos mwaka 1981 wagonjwa 20 waliletwa hospitali wakiwa na macho ya manjano baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu, na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004 likatokea jambo kubwa zaidi. Kati ya Januari na Julai, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Walikuwa wamekula mahindi ya mashamba yao wenyewe. Mavuno yalikuwa machache kwa ajili ya ukame, mahindi hayakukauka sawasawa, na wengi waliyaweka ndani ya nyumba walimolala, penye unyevu. Wachunguzi waliokwenda katika masoko 65 ya sehemu zile walichukua sampuli 350 za mahindi, wakaona kwamba 55 katika kila 100 zilipita kiasi cha sumu kilichoruhusiwa wakati ule.

Watu wa Busia na Malaba huweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Ukambani, penye ukame. Lakini upande wa pili wa mpaka ziko habari za kale zinazowahusu zaidi. Mwaka 1970 daktari A. Serck-Hanssen alichapisha habari za kijana mmoja wa Uganda, mwenye umri wa miaka 15, aliyekufa kwa ugonjwa wa ini. Ndugu zake wawili waliugua pamoja naye, lakini walipona. Chakula chao kilikuwa muhogo ulioota kuvu, na ulipopimwa ulikutwa na aflatoksini miligramu 1.7 katika kila kilo. Daktari mwenyewe aliandika kwa tahadhari, akatia alama ya kuuliza katika kichwa cha habari yake. Hata hivyo kiasi hicho ni mara 170 ya kile kinachoruhusiwa siku hizi. Na muhogo mkavu, uliosagwa pamoja na mtama au wimbi, ndio ugali wa nyumba nyingi za Wateso, Wasamia na Wakhayo. Mwaka uliofuata, 1971, wataalamu wengine walitoa hesabu ya sampuli 480 za vyakula vya Uganda: karibu 30 katika kila 100 zilikuwa na sumu hiyo.

Jambo la Machi 2021

Kiasi kinachoruhusiwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 za aflatoksini katika sehemu bilioni moja. Hesabu hii ni vigumu kuiwaza, basi na isemwe hivi: gunia la kilo 90 lisiwe na sumu hata miligramu moja. Ni kitu kidogo sana, kimetawanyika katika punje zisizohesabika.

Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilikataza unga wa chapa 5 uliokutwa umepita kiasi hiki, na Januari 2020 likakataza chapa nyingine 17. Kisha tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua kwa wakuu wa forodha kwamba mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingizwe tena, kwa sababu ya sumu ya kuvu. Malori yaliyokuwa njiani yalisimama mpakani, magunia yakiwa juu. Tarehe 10 Machi, baada ya siku tano tu, amri ililegezwa: mahindi yaweza kuingia, ila mwenye kuyaleta sharti awe ameandikishwa, aonyeshe cheti cha mahali yalikotoka, na cheti kingine cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi ile sehemu 10.

Watu walibishana sana juu ya amri ile, wengine wakisema ni afya na wengine wakisema ni biashara. Jambo ambalo halikusemwa sana ni kwamba kuvu haijui mpaka. Mahindi ya Tororo na mahindi ya Teso Kaskazini hunyeshewa na mvua moja. Cheti chaweza kulinda mlaji wa Nairobi ambaye unga wake ulipita katika lori lililopimwa. Hakimsaidii mama wa Malaba alaye mahindi ya shamba lake, wala yule anunuaye debe moja sokoni. Mfanyabiashara mdogo, ambaye mali yake haizidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huweza kupata hati nyepesi ya forodha. Hati hiyo husema mahindi yametoka wapi, haisemi kama yalikuwa makavu. Na hata kupima si jambo rahisi. Sumu hukaa katika punje chache tu, basi aliyechota konzi moja juu ya gunia aweza kuzikosa zote.

Ugumu wa sehemu hizi watokana na majira. Mahindi ya mvua ndefu huwa tayari Julai na Agosti, na mvua haijakoma vizuri. Asubuhi jua huwaka, watu huanika; alasiri wingu hupanda kutoka upande wa ziwa, nao hukusanya haraka mahindi yenye joto na unyevu na kuyafungia gunia la nailoni. Hapana namna bora kuliko hiyo ya kuotesha kuvu. Tena siku hizi ghala za zamani za fito, zilizopitisha upepo, zimepungua sana kwa hofu ya wezi, na gunia limeingia chumbani pamoja na wenyewe, kama ilivyokuwa Makueni.

Yasiyofaa na yafaayo

Wengi hutumaini moto. Lakini sumu hii haivunjiki mpaka joto lipite digrii 200, na sufuria ya ugali au ya uji haipiti sana digrii 100. Kuosha huondoa vumbi la kuvu, hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje. Wengine hutoa mahindi mabovu wakayafanya busaa. Kuchachuka hakuiondoi sumu yote, na mnywaji hunywa mengi. Wengine huwapa kuku na ng'ombe, wakidhani kwamba wameokoa hasara. Kuku hudhoofika, na ng'ombe huitoa sumu hiyo kwa sura nyingine katika maziwa, ambayo hupewa mtoto. Basi ile njia ionekanayo kuwa ya busara hurudisha sumu mezani.

Kinachofaa hufanywa mapema. Mahindi yavunwe yakiisha kukomaa, yasiachwe shambani yakingoja nafasi. Yaanikwe juu ya turubai au kitanda cha fito, kamwe si juu ya udongo mtupu, maana kuvu hukaa udongoni. Yasitiwe ghalani mpaka unyevu wake ushuke chini ya sehemu 13 na nusu katika 100. Asiye na mashine ya kupimia aweza kutumia chupa na chumvi: atie punje katika chupa kavu ya kioo hata kama theluthi moja, aongeze vijiko vichache vya chumvi kavu, atikise sana, aiache kama robo saa. Chumvi ikigandama katika kioo, mahindi yamezidi sehemu 15 na bado ni mabichi. Isipogandama, ayaanike siku moja zaidi kabla ya kuyafunga, kwa kuwa kipimo hiki hakioni tofauti kati ya 15 na 13.

Fukusi nao wazuiwe, kwa sababu kila tundu watobolo ni mlango wa kuvu. Iko mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na gunia nje, ambamo fukusi hufa kwa kukosa pumzi. Huuzwa katika maduka ya pembejeo, na bei yake yashinda ya gunia la kawaida. Mtu akitia humo mahindi mabichi, amejinunulia uozo wa gharama.

Na gunia ambalo tayari limenuka, mwezi wa Mei, ghala ni tupu na mavuno bado majuma mengi? Hapo hakuna jibu jepesi, wala si haki kumwambia mwenye watoto wanne atupe kwa neno tu. Kuchagua kwa mkono husaidia sana: zitolewe punje zote zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizosinyaa, maana sumu nyingi hukaa katika hizo. Kazi hiyo huchukua mchana mzima kwa debe chache, na haiondoi yote. Mahindi yaliyobaki yasiwe chakula cha peke yake; ndizi, viazi vitamu na muhogo mbichi uliochimbwa siku ile havina hatari hii, vikiliwa kwa zamu na ugali hupunguza kiasi kiingiacho tumboni. Uji wa mtoto mdogo usitokane na gunia hilo kabisa, bali atafutiwe unga mwingine hata kama ni kilo moja.

Punje zilizochaguliwa zikatolewa zifukiwe shimoni au zichomwe. Zikiachwa katika debe nyuma ya nyumba, atapita mtu mwenye njaa, au mchuuzi atakayezinunua kwa bei ya chini na kuzichanganya na nyingine; na zikiisha kusagwa, unga wake huwa mweupe kama unga mwingine wo wote.